Nani Atamshika Ima

Jumatatu, 2 Juni

Ima kwenye kiti chake cha mbao, nimemfunga kanga kifuani asiteleze. Uji nusu ameula, nusu nimeuvaa mimi. Miaka sita, shingo bado haijakaza, lakini kucheka anajua. Ukungu hadi saa nne. Maharage hayatakauka kwa hali hii.

Dawa yake ya kifafa inakaribia kuisha. Zahanati wanasema haijaletwa. Nimeanza kuogopa nikiwa bado mlangoni kwao.

Jumatano, 4 Juni

Kikundi cha wazazi, ukumbi wa kanisa. Sisi wenye watoto wenye ulemavu hatuna pengine pa kucheka, basi leo tumecheka. Mama Tluway kaigiza mkwewe anavyotimua mbio mtoto akianguka. Mwalimu wa kikundi karudia: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, povu linalomtoka haliambukizi.

Nimerudi nikamweleza mama mkwe. Alisikiliza vizuri, hata kuuliza ubavu upi. Kisha akasema mdogo wake alimfuta mtu povu, na kabla ya mavuno naye akaanza kuanguka. Aliona kwa macho yake. Nikaenda kung'oa maharage kwa hasira.

Ijumaa, 6 Juni

Dawa imeisha. Leo kaanguka asubuhi, kaanguka tena mchana. Kichwa kimeponea chupuchupu kugonga jiwe la kusagia.

Duka moja la dawa Karatu wanayo. Kumpakia bodaboda siwezi, degedege likimshika njiani tutakufa wote. Baba Ima yuko Mang'ola anapakia vitunguu, simu haipatikani. Nimetafuta wa kukaa na Ima. Jirani wa juu kakataa kwa adabu. Wa chini kanipa maziwa, naye kakataa.



Jumamosi, 7 Juni

Mama mkwe ndiye aliyekubali. "Nenda, nitakaa naye. Ila povu silishiki, nisikudanganye."

Nilizima moto, nikamwagia maji mafiga, ndipo nikaondoka. Njia nzima nilimwona Ima chini, na mama mkwe amesimama mlangoni anamtazama. Dawa nimepata. Kurudi, naona moshi unatoka jikoni kwetu. Nikashuka kwenye boda kabla haijasimama, nikakimbia.

Ima alikuwa chini juu ya gunia, kalazwa ubavu, anapumua. Nywele za upande mmoja zimeungua. Mkononi lengelenge. Mama aliona mtoto anatetemeka kwa baridi, akawasha moto, akamsogeza apate joto. Degedege likamtupa kwenye moto.

Mama nilimkuta uani anajisugua mikono kwa majivu. Gauni lote povu la Ima. Nilikuja na maneno makali kuhusu ule moto. Nikamchotea maji.

Jumatatu, 9 Juni

Zahanati wamemfunga Ima bandeji mkononi. Dawa inafanya kazi, leo hajaanguka.

Mama hataki kula nasi. Ametenga sahani yake na kikombe, amehamia chumba cha mahindi. Nikikaribia ananionyesha kiganja, nisimame hapo hapo. Ima tu ndiye anayemruhusu amkaribie. Anampakata kutwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Anasema ugonjwa ameshaupata, Ima hana cha kumwongezea.

Nimemwambia kwa mara nyingine povu haliambukizi. Akanijibu kwa upole, utadhani mimi ndiye mgonjwa: "Siku nikianguka, utanilaza ubavu. Si ndivyo mlivyofundishwa?"

Anasubiri kuanguka. Siku ile alijua povu litamwambukiza, kwa akili yake alijua kabisa, akamshika. Mimi siwezi kusema ningefanya hivyo. Nimelia nyuma ya nyumba. Najua hatapata kitu, na bado namwogopea.

Alhamisi, 12 Juni

Ukungu mwepesi. Nimepika makande, nikayapeleka chumba cha mahindi kwenye sahani ya mama, na vijiko viwili. Ima amelala mapajani mwake. Kiganja kikainuka. Nikakaa chini, nikala kwenye sahani hiyo hiyo. Akaniita mjinga kwa Kiiraqw.

Kisha naye akachukua kijiko.