Kamera Iliyoona Uwanja Wote

Jumanne, jioni. Ukungu haujatoka vilima vya Iveti tangu asubuhi, na mji wa Machakos umekaa kama umenuna. Mimi pia nimenuna. Nimerudi kutoka Wamunyu, viatu vimejaa vumbi la mbao, na chai inapoa mbele yangu.

Leo nataka kuandika jambo ambalo nimelizunguka kwa miezi minne.

Mimi hufunga kamera za usalama. Mwaka jana mzee Kilonzo, anayesimamia karakana ya wachonga vinyago kule Wamunyu, aliniita nimfungie moja. Moja tu. Alitaka ione lango, ghala lililo kando ya lango, kibanda cha kuchongea, kuku, na ikiwezekana barabara ya Kitui. Wateja wetu huku hupima kamera kama wanavyopima shamba: kubwa ndiyo nzuri.

Hapo ndipo kosa langu linapoanzia, kwa sababu nilijua. Lenzi fupi, ya milimita 2.8, huona upana mkubwa, lakini kila kilicho mbali hukifanya kidogo. Lenzi ndefu, ya milimita 12, huona kipande chembamba tu, ila uso wa mtu aliye langoni utautambua. Picha ina vidoa vyake, zile nukta ndogo zinazoiunda, na haviongezeki. Ukivitandaza uwanja mzima, ni kama supu iliyoongezwa maji baada ya wageni kufika: kila mtu anapata bakuli, hakuna anayepata ladha.

Kutoka ukuta wa ofisi, nilipoifunga, hadi langoni ni mita ishirini. Kwa lenzi fupi, pale langoni picha ilibeba upana wa zaidi ya mita arubaini. Uso wa mtu ukabaki na upana wa vidoa vinane hivi. Vidoa vinane havitoshi hata nyusi.

Hesabu hiyo niliifanya kabla ya kutoboa ukuta. Ningemwambia mzee kwamba anahitaji kamera mbili, ya uwanja na ya lango. Lakini alikuwa amefurahi na moja, na mimi sikutaka kumharibia furaha. Picha ilipowaka, wachongaji wote waliacha tezo zao wakaja kushangaa. Walinisifu sana. Mbithi, fundi wa kuchonga swara, alisema sasa hata kuku watashika adabu. Tulicheka. Napenda kusifiwa, nikubali tu.

Kisha ikaja ile Jumapili. Watu wakiwa kanisani, mtu aliingia langoni, akavunja ghala na kuondoka na vinyago vilivyokuwa vimefungwa tayari kumngoja mnunuzi. Jasho la karakana nzima. Aliyeiba hatumjui mpaka leo.

Kamera ilimwona. Ilimwona kama doa la khaki lenye bega moja lililoshuka.

Mbithi ana koti la khaki. Bega lake la kulia limeshuka. Na Jumapili hiyo hakuwa kanisani. Alisema alikuwa nyumbani akiumwa tumbo, na shahidi wake alikuwa mkewe peke yake.

Kesho yake wanakarakana walikaa kikao, laptopu yangu ikiwa mezani. Walirudia picha hadi nikachoka kuihesabu. Mwishowe mzee Kilonzo akanigeukia.

"Wewe ndiye unajua mambo ya hii kitu. Huyu si ni Mbithi?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo mdomoni. Picha hii haiwezi kumtambua mtu yeyote. Lakini swali la pili lingekuwa, basi ulitufungia ya nini? Niliona aibu yangu ikija mbio, nikaikwepa.

"Anakaa yeye," nikasema.

Maneno mawili, kwamba anafanana naye.

Mbithi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwatazama wenzake, alinitazama mimi. Kisha akaenda kwenye kiti chake, akaifunga tezo yake kwa gunia, akatoka. Hakuna aliyemwambia aende, na hakuna aliyemzuia.

Jumamosi iliyopita nilikutana na mkewe sokoni hapa mjini. Alinieleza kwamba karakana zote za Wamunyu zilimkataa Mbithi, akaenda kuvunja mawe kwenye machimbo ya Lukenya. Wiki mbili zilizopita jiwe lilimwangukia mkono wa kulia. Vidole viwili vimekatwa, cha tatu hakikunjiki. Alinisimulia bila kunilaumu, akaniuliza hali ya mama, akaendelea kuchagua nyanya. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Ndiyo maana leo nilienda Wamunyu.

Nilimkuta mzee Kilonzo ofisini, nikamwomba atazame kitu. Nilifungua picha za Alhamisi, mchana. Mtu wa koti la khaki anaingia langoni, bega la kulia chini. Nikasimamisha.

"Mzee, huyu ni nani?"

Hakujisumbua hata kusogea karibu. "Huyo ni Mbithi. Amekuja kutafuta nini tena?"

Niliiacha picha iendelee. Yule mtu alivuka uwanja, akawapita kuku, akaja upande wa ofisi, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyopata miwani, kisha ndevu, kisha makunyanzi. Alipofika chini ya kamera akainua uso kuangalia kama kunanyesha.

Alikuwa mzee Kilonzo mwenyewe.

Aliligusa bega lake la kulia. Mtu akipiga tezo kwa mkono mmoja miaka na miaka, bega la mkono huo hushuka. Wao wenyewe hawalioni tena, kwa kuwa wanalo wote. Na makoti yale ya karakana nzima yalishonwa siku moja, kitambaa kimoja, kwa fundi mmoja. Mgeni yeyote angeyaona hayo kwa dakika tano. Mimi niliyaona siku ya kwanza.

"Mwiitu wakwa," akasema taratibu, kama mtu anayemwita binti yake, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mzee. Tangu siku ya kufunga."

Alivua miwani akaiweka mezani. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

"Mwambie Mbithi arudi," akasema. "Kiti chake hakuna mtu amekikalia."

Ndipo nikamwambia habari ya vidole.

Mzee aliutazama mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua. Kibandani tezo ziliendelea kulia kwenye mbao. Nikakusanya vitu vyangu na kutoka bila kuaga vizuri.

Niliondoka nikitafuta wa kugawana naye lawama. Mzee aliyetaka moja tu, wanakarakana waliokuwa na haraka, mwizi mwenyewe. Wote wana sehemu yao. Lakini mezani pale ni mmoja tu aliyejua vidoa vinane ni nini.

Kesho naenda Lukenya. Sitabeba laptopu, na sitamweleza Mbithi habari za milimita. Nitamwambia nilijua, na kwamba nilimtoa yeye ili nijifiche mimi. Akinifukuza, nitafukuzika.

Ila nitasimama karibu naye, anione uso.