Mlango Uliopakwa Mafuta

Kaka Mutua,

Mzima wewe? Huku baridi inaingia hadi mifupani. Jumatatu mchana nilikuwa nasonga ugali kwa dada yetu Mwende, hapa mtaani Bredäng, ughaibuni, mara ving'ora vikalia mji mzima. Sikuwaza. Nikalala kifudifudi, masikio nimeziba, mdomo wazi, vile Babu alivyotufundisha kujikinga na mabomu kila ndege ilipopita. Tulikuwa tukicheka, unakumbuka?

Mwende akasema, "Inuka, wanajaribu ving'ora tu."

Papo hapo mlango ukagongwa. Ni jirani yake, Mama Divine wa Burundi, koti mwilini, begi mkononi. "Najua wanajaribu," akasema, "ila miguu yangu haitaki kusikia."

Tukashuka naye chini ya jengo. Kuna chumba cha kujificha vita ikija, kimejaa baiskeli, kina mlango mzito wa chuma. Juzi wenye jengo walikuja kuupaka mafuta, usije ukakwama siku ya siku. Nikausukuma kwa mkono mmoja, ukajifunga bila sauti.

Nibusie watoto. Ukienda kufagia kaburi la Babu, mwambie nakula vizuri. Yeye alikufa akijua vita ya dunia waliimaliza yeye na askari wenzake kule Burma. Hili la mlango usimwambie.

Mdogo wako,
Kioko