Swali la Mama Rukia

Jumatatu, 2 Septemba

Mazoezi tena baada ya alasiri. Mimi naigiza tapeli wa stendi, Mama Rukia msafiri. Nimetoka nje ya ua, nikavua kofia, nikaingia kama mgeni. "Shikamoo mama, umeshanisahau? Mimi wa kwenu Mitwero." Akacheka. Akaitikia marahaba, akauliza hali ya watoto wangu, akanikaribisha uji. Nikamwambia hapo ameshaibiwa. Akasema ninywe kwanza, utapoa.

Nimekunywa.

Anakwenda Dar kwa mara ya kwanza, kumsaidia binti yetu Rukia anayekaribia kujifungua. Mimi siwezi kumsindikiza. Kitanda cha watu wa harusi sijakipiga hata msasa.

Jumatano, 4 Septemba

Nina hofu. Mwanamke huyu hajawahi kuacha salamu ya mtu. Hata mlevi wa njia ya sokoni humwitikia na kumuuliza kama amekula. Stendi ya Dar watamgeuza kitoweo.

Nimempa masharti. Mzigo asishike mtu. Bunda la noti likidondoka mbele yake, asiinamie. Simu izimwe, ikae kiunoni ndani ya kanga, isitoke mpaka awe ndani ya nyumba ya Rukia. Anayemsalimia asimwitikie. Anayemjua jina ndiye amwogope zaidi.

Alisikiliza huku anachambua mchele. Akauliza, na assalamu alaykum je? Kuitikia ni wajibu. Nikasema aitikie moyoni.

Ijumaa, 6 Septemba

Kesho anaondoka. Rukia atampokea mwenyewe, lakini nimeongeza kinga. Mtu mwingine yeyote akidai ametumwa, amuulize: mume wangu ananiitaje tukiwa wawili?

Mbele za watu yeye ni Mama Rukia, miaka yote. Lile jina jingine tunalijua sisi wawili tu. Hata humu siliandiki.

Akaniuliza kama nitamwambia Rukia jibu. Nimwambieje binti yangu jambo kama hilo? Aibu. Mama Rukia akajifunika kanga usoni, akacheka mpaka akakohoa.

Nitamkumbuka sana. Sijamwambia.

Jumamosi, 7 Septemba

Basi limeondoka alfajiri. Alikaa dirishani, mkoba mapajani, kanuna kama nilivyomfundisha. Muuza korosho akamsalimia. Akatazama pembeni. Nilipaswa kufurahi. Nimeumia.

Alasiri. Sasa atakuwa ameshafika. Simu yake imezimwa, sawa. Ya Rukia haipatikani. Ya mkwe inaita tu. Kuna namba ngeni inapiga, inapiga. Sipokei. Ndio walewale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Kabla ya magharibi. Nimepokea ile namba. Sauti ya kijana. "Baba, shikamoo. Niko na mama hapa stendi. Samahani baba, eti huwa unamwitaje mkiwa wawili?"

Nilimwita mwizi. Nilimwita mshenzi na mtoto asiye na haya. Nikamwambia akimgusa mke wangu nitamfuata na randa hukohuko. Nikakata.

Halafu ndipo nikaelewa. Swali ni langu. Kalipata kwa Mama Rukia. Basi yuko mikononi mwake. Nimepiga ile namba, haipatikani. Nimetoboa mguu wa kitanda mahali pasipotakiwa. Mimi ndiye niliyemfundisha asiseme na mtu. Sasa akihitaji msaada atamwomba nani? Ya Rabi, nirudishie.

Baada ya isha. Amepiga! Yuko nyumbani kwa Rukia, salama.

Rukia alishikwa na uchungu asubuhi. Mumewe akampeleka hospitali, akamtuma stendi mdogo wake Salumu, ambaye hatujawahi kumwona. Kijana akamkuta Mama Rukia amekalia mzigo, akamsalimia kwa jina. Kosa. Akaulizwa lile swali. Akajibu mpenzi. Akajibu mke wangu. Mama Rukia akageuza uso. Alasiri nzima kijana kasimama pale, hamgusi, hamwachi.

Ile namba ngeni ni yake; nilipopokea mwishowe, akaweka sauti juu. Matusi yangu yakasikika mpaka kwa wauza maji. Mama Rukia anasema alipoisikia sauti yangu alitaka kulia. Na Salumu, simu nimeshakata, bado anasema, "Samahani baba, nisamehe baba." Kisha chaji ikaisha. Hapo ndipo Mama Rukia akampa mkoba. Anasema tapeli havumilii kutukanwa hivyo.

Mtoto wa kike. Wote wazima. Nimelia peke yangu, sioni haya kuandika.

Jumapili, 8 Septemba

Nimempigia Salumu kumwomba radhi. Kijana mwema, amecheka tu. Kisha akaniuliza, kwa hiyo baba, lile jina ni lipi? Nimemkatia simu.

Jumanne, 17 Septemba

Nyumba kimya. Uji nimeunguza. Mtu nisiyemjua amepiga hodi akitafuta kwa jirani. Nimemwitikia, nimemuuliza kama amekula. Hakuwa amekula.

Jumapili, 20 Oktoba

Arobaini ya mjukuu imepita, Mama Rukia amerudi. Nilikuwa stendi ya Lindi mapema kupita kiasi. Akashuka, mkoba kifuani, kanenepa kidogo. Nikamwambia mama, nikupokee mzigo.

Akanitazama kama hanijui. Halafu akauliza, kwa sauti, kondakta anasikia, bodaboda wote wanasikia: "Mume wangu ananiitaje?"

Nikatazama huku na huku. Muuza korosho alikuwepo. Imamu wetu naye alikuwepo, anasubiri mgeni wake.

"Kashata," nikasema.

Akasema hajasikia.

"Kashata!"

Akanipa mkoba. Tumerudi nyumbani kwa miguu, anaitikia salamu za watu njia nzima. Uji amepika yeye.