Buji Nimeondoka Nayo

Parfait, usitafute buji, ile plagi ya pikipiki. Nimeifunga kwenye kitenge changu, naenda Mbarara kununua mpya. Maharage yako motoni, ongeza maji. ~~Pikipiki usiiguse.~~ Pikipiki ioshe, ina matope mengi.

Jana uliacha injini inanguruma fasi moja hapa uani, unapiga stori, kisha ukafungua buji, ukaikuta nyeusi, ukadhani mafuta yanazidi, ukayapunguza kwenye kabureta. Injini isiyotembea huchafua buji! Marehemu babu yako alikuwa anapanda mlima kwanza, anazima kule juu, ndipo anaitazama. Nilipokuambia ukacheka: "Koko, wewe soma Biblia."

Leo nimesoma Biblia, halafu nikasoma buji. Umefika kutoka mlimani, unanawa, nami nimeshaifungua kwa kitambaa (kidole kimeungua kidogo). Nyeupe kama unga wa muhogo! Mafuta hayatoshi, injini inaungua. Ikikwama njiani gurudumu linashika, na kesho unampakia mkeo Nathalie na tumbo lake lile.

Nikirudi utaongeza mafuta, utapanda mlima, tutaitazama wote. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, Nathalie atapanda.

Kasirika tu, lakini leo kasirika kwa miguu.

Koko wako, mama ya baba yako