Friji Uliyoiandika Mlafi

Baba, shikamoo.

Ni mimi, Zuhura. Nimefunga duka mapema nikuandikie. Mwezi wa nane huu tangu utuache, na Kasulu ni ileile, vumbi na umeme wa kukatikakatika. Friji za mitumba bado nazitengeneza kama ulivyonifundisha. Siku hizi wako wanaoniita fundi, si binti wa fundi tena. Ungecheka.

Unazikumbuka zile lebo za Ulaya, mistari kuanzia wa kijani juu hadi mwekundu chini, za kuonyesha friji ipi inakula umeme kidogo na ipi inakula mwingi? Wateja walizipenda, wewe ukazitazama kwa jicho la pembeni. "Hiyo inasimulia ujana wake," ulikuwa unasema. Ulikuwa unaiwasha friji kutwa nzima, unakaa na chai yako kuhesabu mota inapumzika mara ngapi, unabana karatasi mlangoni uone kama mpira bado unashika. Halafu unaandika kwenye kipande cha boksi na kukifunga kwa uzi kwenye mpini: "Anakula kidogo." Au: "Mzee huyu, mlafi." Mama alikutania kwamba hakuna mfanyabiashara anayeisema vibaya bidhaa yake ila wewe.

Baba, nazunguka tu. Kuna jambo.

Ile friji nyeupe ndefu ya kona ya nyuma uliiacha umeiandika mlafi. Baada ya arobaini yako duka lilipooza, nikaogopa watu watasema limekufa na mwenyewe. Nikakata ule uzi. Nikaisugua lebo ya kijani mpaka ikang'aa.

Aliyeichukua ni Mwalimu Rehema, yule aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga, anayeishi na mama yake mgonjwa wa kisukari. Alitaka mahali pa kuhifadhi dawa za sindano za mama. Akaniuliza kama haitamaliza umeme wake. Sikumjibu kwa mdomo, nilimwonyesha lebo kwa kidole.

Hakukawia kurudi. Yuniti za umeme alizonunua zilikuwa zinaisha kabla ya siku zake, na siku moja ziliisha asubuhi yeye akiwa darasani. Aliporudi jioni dawa zilikuwa za moto, zimeharibika, na hospitalini nako zilikuwa zimekwisha. Mama yake akalala siku mbili akiwa hoi kabla hazijapatikana nyingine. Mwalimu hakunifokea. Heri angenifokea. Alisema tu, "Zuhura mdogo wangu, mimi hizo lebo sizijui. Niliamini kwa kuwa ni dukani kwa baba yako."

Nililia, Baba. Wewe ulijenga jina hilo miaka yote ile, mimi nikalichezea kwa siku moja.

Kesho yake nilimpelekea friji yetu ya nyumbani, ile uliyomtengenezea Mama kwa mikono yako. Ile ndefu nimeifungua nipate vipuri. Bibi, mama yake Mwalimu, anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Aliniombea dua ndefu siku ile, nami nikashindwa kumtazama usoni.

Mama alikuwa Makere kwa dada yake. Aliporudi akakuta mahali pa friji jikoni ni patupu, na sufuria ya maziwa imewekwa ndani ya beseni la maji. Nikamweleza yote, sikuficha kitu. Nilijiandaa kugombezwa. Aliyakoroga yale maziwa, kisha akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini jina lile si langu, mwanangu. Mwambie mwenyewe."

Basi nakwambia. Nisamehe, Baba. Nakuahidi kwamba hakuna friji itakayotoka mlangoni petu bila maneno yangu ya kweli juu yake. Juzi nimemwandikia mteja mmoja ukweli, akasoma, akaenda zake. Iliniuma, lakini usingizi niliupata.

Lala kwa amani, kipenzi changu. Kesho nakuja makaburini nikusomee haya kwa sauti. Mama naye anakuja. Anasema atasimama karibu asikie kama nitaruka mahali.

Mwanao,
Zuhura