Naogopa Uji wa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaibomoa nyumba yangu mwenyewe, maana daktari aliniambia ngano inaniharibu utumbo nikaiacha yote, chapati, mkate, maandazi, nikabaki na ulezi, muhogo na wali, na mume wangu Sixbert nilimweleza akakubali, lakini tunaishi na mama yake hapa Msamala, na kwa kuwa mimi nashinda kazini yeye ndiye anayepeleka ulezi wangu mashineni, na kila unga mpya ukija tumbo linanikata na naharisha, mengine yote nakula bila shida, basi nikaanza kumchunguza, nikamwona anachekecha unga wangu huku akiimba, nikajiuliza anafurahia nini, nikanunua kufuli, unga nikaufungia kabatini, na Jumapili baada ya misa nikaukataa uji wake mbele ya wageni, naye akaweka kikombe chini, akasema polepole, "Mwanangu, kwetu mkwe akikataa chakula changu amesema mimi mchawi. Umesema?" Sikujibu. Tangu siku hiyo mama hali chakula ninachopika, na Sixbert anataka nimjibu mama yake Jumapili hii, la sivyo nirudi kwetu. Je, niseme ninachoamini, kwamba ananitilia ngano?

Noela, Songea

Noela, pole kwa tumbo. Kwa kufuli sikupi pole.

Umemchunguza mama wa watu hadi nyimbo zake, ila mashineni hujakanyaga. Aliyetangulia kwenye foleni akisaga ngano, mabaki yake yanatoka na unga wako. Au mama anakuongezea konzi ya ngano uji uwe laini, kama wengi wafanyavyo kwa mkwe aliyekonda. Mimi sijui. Wewe pia hujui, na barua yako yote haionyeshi mahali ulipomwambia yeye alichosema daktari. Ulimwambia Sixbert, ukaona yatosha.

Na ule ukimya wako mbele ya wageni ulikuwa jibu. Alilisikia.

Leo hii mwamkie, kaa chini, mweleze ugonjwa wako. Nendeni wote wawili mashineni, mwenye mashine apitishe kwanza mahindi yenu, unga huo wale wengine, ndipo ulezi ufuate. Tumbo likiendelea, rudi kwa daktari.

Jumapili waite wageni walewale. Mama asonge ugali wa huo ulezi, na wewe uwe wa kwanza kumega.