Breketi ya Taa Isiyowaka

Kwako mziwanda,

Hali yako siiulizi, picha ulizotuma zinaonyesha umenona. Breketi ya kushikilia ile taa yako ya bandia, ya kuigiza taa ya kwenye sinema, imekwisha.

Ya kwanza niliikata kwenye bamba jipya, nikaibana kwenye jiliwa nikaikunja, nikaipiga tupa mpaka vidole vikafa ganzi. Fundi mwenzangu akauliza, "Hiyo taa yenyewe inawaka?" Nikamwambia haiwaki. Akacheka mpaka akakaa chini. Sikumlaumu.

Lakini wewe uliandika, "Dada, isiwe mpya. Kwenye sinema kona moja imesuguika mpaka inang'aa. Wenzangu wa kuigiza vitu vya sinema watajua tukidanganya." Barua nzima kona ya breketi, na mama hukumuulizia hata kwa mstari mmoja.

Nilijaribu msasa, nikajaribu siki. Chuma kipya kikabaki kama mtoto aliyejichora ndevu. Basi nikaingia chumbani kwa mama, nikakata chuma cha kiti chake cha magurudumu, pale alipokuwa akiegemeza kisigino miaka yote mpaka pakang'aa. Kiti hana haja nacho tena. Tulimzika mwezi uliopita. Siku ile nilikupigia mpaka simu ikazimika mkononi, hukupokea, na kesho yake ukatuma vipimo vya breketi.

Nimeifunga kwenye kitambaa chake. Matundu ukitaka yapanue, rangi ukitaka ipake, ila kona inayong'aa usiiguse. Waambie wenzako pale hatukudanganya.

Dada yako,
fundi chuma